Nilimuuguza binti yangu miaka minne. Mbona uchungu unazidi sasa?

Swali limetoka kwa mama mwenye umri wa miaka 62, mkazi wa Mkoa wa Tanga. Binti yake wa kwanza, aliyekuwa mwalimu na mama wa watoto wawili, alifariki dunia akiwa na miaka 36 baada ya kuugua saratani ya matiti kwa miaka minne, na miezi ya mwisho aliuguziwa nyumbani kwa wazazi wake. Mama huyu anaeleza kwamba alfajiri binti yake alipokata roho, jambo la kwanza alilolihisi lilikuwa nafuu, na kwamba muda wote wa matanga hakutoa chozi. Huu ni mwezi wa saba, na ndiyo kwanza kilio kimeanza: anashtuka usingizini kila saa nane ya usiku, anasikia akiitwa, chakula hakipiti, na anawakasirikia watu wote, akiwemo mumewe aliyerudi shambani wiki moja baada ya maziko. Ndugu wanamwambia kwamba alikuwa na muda wa kutosha wa kujiandaa, kwamba siku tatu za msiba zimepita zamani, na kwamba kuendelea kulia ni kumpinga Mwenyezi Mungu. Anauliza kama ile nafuu ilikuwa dhambi, amjibu nini mjukuu wa miaka 6 anayetaka kujua mama yake atarudi lini kutoka Dar es Salaam, kama yeye mwenyewe sasa ni mgonjwa, na, katika mstari wa mwisho wa barua, kama dozi ya mofini (dawa kali ya kutuliza maumivu) aliyoitoa kwa mkono wake usiku ule ndiyo iliyomuua mwanawe.

Shikamoo, Mama, na pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu maswali yake yamefungamana, na sipendi kujibu moja nikaliacha jingine liendelee kukuumiza. Nitaanza na hilo la mstari wa mwisho, kwani nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Umeeleza kwamba muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwatuliza maumivu wenye magonjwa makubwa na kuzisaidia familia zao, alikufundisha kupima mofini ya maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kumpa mgonjwa kila baada ya saa nne, na saa nne ya usiku kumpa mara mbili ya kipimo cha kawaida. Usiku wa mwisho ulifanya hivyo hivyo, na kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameondoka. Mama, maelekezo uliyopewa ni ya kawaida kabisa, na ndiyo yanayofundishwa kwa wauguzi wa tiba shufaa katika nchi zetu zote za Afrika Mashariki. Mofini ya maji hufanya kazi mwilini kwa muda wa saa nne hivi, kisha maumivu huanza kurudi. Kipimo cha kulalia huongezwa ili mgonjwa na anayemuuguza wapate kuivuka saa nane ya usiku bila kuamka. Mwili uliokwisha kuizoea dawa hiyo kwa miezi, huku kipimo kikipandishwa kidogo kidogo kwa kufuata maumivu, hauzimwi na dozi ambayo umekuwa ukiipokea kila usiku.

Tena ushahidi mkubwa umeuandika mwenyewe bila kujua. Umesema kwamba tangu mchana wa siku ile miguu yake ilikuwa ya baridi hata ulipoifunika kwa blanketi, kwamba alikuwa analala tu na hakutaka hata maji, na kwamba pumzi yake ilikuwa inakatika kwa muda kisha inarudi. Hizo ni dalili za mwili unaofunga kazi zake, na zilianza saa nyingi kabla hujashika chupa ya dawa. Saratani iliyokwisha kuingia kwenye mifupa na ini ndiyo iliyomchukua binti yako. Kila mgonjwa anayekufa akiwa kwenye dawa huwa na dozi ya mwisho, na lazima pawepo mkono ulioitoa. Kwake yeye mkono huo ulikuwa wa mama yake, na kilichofanywa na dozi ile ni kumwezesha kufa bila kupiga kelele za maumivu. Ninayajua maumivu ya saratani iliyoingia kwenye uti wa mgongo, na nawajua wagonjwa waliokufa bila kupata dawa hiyo kwa sababu ndugu waliiogopa. Binti yako hakupitia hayo.

Hapo hapo nieleze habari ya saa nane. Umesema kwamba katika wiki za mwanzo, kabla ya kuelekezwa juu ya dozi ya kulalia, ulikuwa unaamka kila usiku saa nane kumpa dawa. Mwili wako ulijifunza saa hiyo wakati ambapo kuchelewa kulimaanisha kumsikia mwanao akilia, na mwili uliojifunza jambo kwa hofu ya namna hiyo hausahau kwa sababu tu maziko yamepita. Usipambane nao kitandani. Inuka, keti mahali pengine, na kama unaona inakufaa tia udhu usali rakaa mbili na kumwombea marehemu, kisha rudi ulale. Wauguzaji wengi hupata kwamba saa hiyo, ikishapewa kazi nyingine, huacha kuwa ya kushtuka, ijapokuwa huchukua miezi.

Kuhusu kusikia akikuita, jambo hili huwatokea wafiwa wengi sana, wenye akili timamu, wa dini zote na wa nchi zote, hasa waliokuwa wamezoea kuitwa wakiwa usingizini. Si wazimu. Wala hulazimiki kukubali maelezo ya jirani kwamba marehemu hajatulia na anadai kitu, na nakuomba usitoe fedha kwa mtu yeyote anayeahidi kumtuliza.

Sasa nafuu. Kwa miaka minne uliishi na mgonjwa ambaye kila kikohozi chake ulikisikia. Ulijifunza kusafisha kidonda kilichokuwa kinatoa harufu na kukifunga bila kuonyesha usoni kwamba kuna harufu. Ulijifunza kumgeuza bila kumvuta mkono uliovimba. Ulikula umesimama na ukalala huku sikio likiwa macho. Alipokata roho, hayo yote yalikoma kwa pamoja, na mwili wako ukashusha pumzi kabla moyo haujaelewa kilichotokea. Nafuu hiyo ilikuwa ya aina mbili, na zote mbili ni halali: kwamba yeye haumwi tena, na kwamba wewe umetua mzigo ambao hakuna mtu mwenye miaka 62 anayeweza kuubeba bila kuchoka. Kuchoka kuuguza si sawa na kutaka mgonjwa afe. Asiyejali hachoki, kwa sababu hakeshi.

Na kutolia matangani kunaelezeka vilevile. Mama wa marehemu ndiye mwenye msiba: anaulizwa sanda iko wapi, nani amekwenda kuchimba kaburi, mchele unatosha au hautoshi, wageni wa kutoka Korogwe watalala wapi. Ulikuwa umezoea kushughulika, na watu walikupa shughuli. Kilio kilisubiri mpaka mikeka ikakunjwa, na mara nyingi huja wakati ule ambapo simu za pole zimekwisha na watu wanadhani mambo yametulia. Kwa hiyo, Mama, uchungu wako haukuchelewa. Ungekuja lini, wakati ulikuwa na dawa ya kutoa kila baada ya saa nne?

Hili linanileta kwenye maneno ambayo yamekuumiza kuliko yote, kwamba ulikuwa na muda wa kujiandaa. Watu husema hivyo kwa nia njema, na hata katika fani yetu ya ushauri nasaha wazo hilo lilikaa muda mrefu. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Erich Lindemann, aliandika mwaka 1944 juu ya watu wanaoanza kuhuzunika kabla ya kifo kutokea, na wengi waliokuja baada yake wakadhani kwamba huzuni hiyo ya mapema hupunguza ile ya baadaye, kama deni linalolipwa kwa awamu. Tafiti za miaka ya karibuni hazikubaliani na dhana hiyo. Zinaonyesha kwamba mara nyingi walioumia sana wakati wa kuuguza ndio wanaoumia sana baada ya kufiwa, kwa sababu wanafika msibani wakiwa wamekwisha kuchakaa.

Tena tazama ugonjwa wenyewe ulivyokwenda. Aligunduliwa, akafanyiwa upasuaji, akaanza safari za Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa ajili ya dripu za dawa ya saratani na baadaye mionzi. Nywele zikaanguka, kisha zikaota. Alirudi darasani akafundisha karibu mwaka mzima, na ulisherehekea, ukachinja. Kisha mgongo ukaanza kuuma. Mtu anayepitia njia hiyo hajiandai kufiwa. Anajiandaa kwa kliniki inayofuata, nauli inayofuata, majibu ya kipimo kinachofuata, na kila anapopata ahueni anajenga tumaini upya. Hata siku daktari alipowaambia wazi kwamba kilichobaki ni kutuliza maumivu, mlichojiandaa nacho kilikuwa kifo: atalala chumba gani, nani atakuwepo, azikwe wapi. Kwa kifo mlijiandaa, na mlifanya vizuri. Maisha ya baada yake ni jambo jingine, na hayo hakuna aliyewahi kuyaandaa.

Nataka kukaa kidogo kwenye suala la umri wake, kwa sababu naona halijapewa uzito na wanaokuzunguka. Anapofariki mtoto mchanga, watu wote humtazama mama. Anapofariki mtu mzima mwenye mume na watoto, pole nyingi huelekea kwa mjane na yatima, na wazazi huonekana kama watu waliokwisha kuishi naye vya kutosha. Wewe umepoteza mtu uliyemjua kwa miaka 36. Umempoteza mtoto uliyemnyonyesha, na pia mwanamke mwenzako uliyekuwa ukimpigia simu kumwuliza juu ya mdogo wake, aliyekusomea karatasi za benki, na, kama ulivyoandika kwa aibu, aliyekutumia fedha kila mwisho wa mwezi. Usione aibu. Mzazi anayelia kwa sababu aliyekuwa akimtunza ameondoka analilia mapenzi yaliyokuwa yanafika kwake kwa njia hiyo, na vilevile analilia riziki, na yote mawili ni kweli. Zaidi ya hapo, mpangilio mzima umepinduka: ulitarajia kwamba yeye ndiye angekuogesha uzeeni na kusimamia maziko yako, na badala yake ulirudia kumwogesha akiwa mtu mzima, mwili wake ukiwa umepungua hata ukaweza kumbeba mwenyewe.

Utu uzima wake una upande mwingine pia, nao unahusu lawama unayojibebesha kwa miezi ile ya mwanzo. Unasema aliuona uvimbe wakati ananyonyesha huyu mtoto wake wa pili, akaambiwa kwenye zahanati kwamba ni maziwa yaliyoganda, kisha akatumia dawa za mizizi kwa muda wa nusu mwaka kabla ya kwenda hospitali kubwa, na wewe ulijua. Sitakudanganya kwamba kuchelewa hakuna madhara katika saratani ya matiti. Yapo, na ndiyo maana tunahimiza kila uvimbe ambao hauondoki kwa wiki chache upimwe, hata kwa mwanamke anayenyonyesha, kwa kuwa mabadiliko ya kawaida ya matiti wakati huo huuficha ugonjwa. Lakini hakuna daktari anayeweza kukuambia kwamba ile miezi sita ndiyo iliyoamua kila kitu, kwa sababu saratani za matiti zinazowapata wanawake wenye umri mdogo mara nyingi huwa kali na husambaa mapema. Na binti yako hakuwa mtoto wa kushikwa mkono. Alikuwa mwanamke msomi aliyeambiwa jambo na mhudumu wa afya, akaliamini, akatafuta nafuu pale alipoona pana nafuu. Kuyachukua maamuzi yake yote na kuyafanya kosa lako ni kumnyima ule utu uzima aliokuwa nao.

Umegusia pia kama ulimrithisha. Sehemu kubwa ya saratani za matiti hazitokani na kurithi. Zile zinazorithiwa ni chache, takribani 5 hadi 10 katika kila 100, na vinasaba (chembe za urithi) vyenye hitilafu vinaweza kutoka upande wa baba sawasawa na upande wa mama. Hata pale vinaporithiwa, mzazi hachagui kinachopita kwa mwanawe. Lakini kwa kuwa marehemu aligunduliwa akiwa na miaka 32 tu, wale mabinti zako wawili waliobaki waende wakaonane na daktari na wamweleze umri huo, kwani uchunguzi wa ndugu kama hao huanza mapema kuliko kwa wanawake wengine. Wewe pia upimwe. Na presha yako, ambayo umeacha kliniki yake tangu mwaka juzi, irudie haraka.

Kuhusu dini, mimi ni mshauri nasaha katika tiba shufaa na si mwanachuoni, kwa hiyo nakusihi uzungumze na imamu unayemwamini. Ninachoweza kusema ni hiki ambacho nimekisikia kwa masheikh tunaofanya nao kazi. Zile siku tatu zinahusu kukaa kwenye maombolezo ya dhahiri, yaani kuacha mapambo na shughuli kwa ajili ya maiti asiye mume. Hazikuwekwa kuupangia moyo siku ya kuacha kuhuzunika. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe ya kuomboleza, kujipiga mashavu na kurarua nguo. Machozi hayakukatazwa. Mtume Muhammad (S.A.W.) mwenyewe alifiwa na mabinti zake watatu wakiwa watu wazima, Ruqayya, Zaynab na Ummu Kulthum, akabakiwa na Fatima peke yake, na Anas bin Malik amesimulia kwamba alimwona ameketi kando ya kaburi la binti yake macho yakimtoka machozi. Soma pia Surat Yusuf kuanzia aya ya 84. Nabii Yaqub, ambaye ndiye aliyesema maneno ya subira njema, alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na wanawe walipomkaripia kwamba hataacha kumtaja Yusuf mpaka ajiangamize, aliwajibu kwamba masikitiko yake anamshtakia Mwenyezi Mungu. Subira na kilio vilikaa ndani ya mtu mmoja, tena nabii. Sijui kwa nini tunawataka akina mama wawe na nyoyo ngumu kuliko yeye.

Sasa mjukuu. Huyu naomba umshughulikie wiki hii, kwa sababu kila siku inayopita inamwongezea mkanganyiko. Fikiria alichokiona: tangu apate akili, mama yake aliondoka kwenda Dar es Salaam akiwa mgonjwa, na kila mara alirudi, na biskuti mkononi. Siku ya msiba akapelekwa kwa shangazi, na aliporejea akaambiwa mama amesafiri. Kwa mtoto wa miaka 6 jibu hilo lina maana moja tu, kwamba mama yuko hospitali na atarudi, na kwa kuwa harudi, basi labda amekasirika au mtoto amekosa. Mketishe mahali pa utulivu, akiwepo babu yake au dada yake mkubwa, umwambie kwa maneno ya wazi: "Mama yako alikuwa anaumwa ugonjwa mkubwa unaoitwa saratani. Madaktari walijaribu dawa nyingi, lakini ugonjwa ulizidi, na mama amekufa. Mtu akifa mwili wake hauumwi tena, hapumui, hali, na harudi. Tulimzika. Si kwa sababu ya kitu chochote ulichofanya wewe." Tumia neno "amekufa". Usiseme amelala, maana ataogopa kulala. Usiseme amesafiri, maana ataogopa safari. Na usiseme Mungu alimpenda zaidi akamchukua, maana ataogopa kupendwa na Mungu.

Huenda akauliza kama wewe nawe utakufa. Usimwapie kwamba hutakufa. Mwambie kwamba kila mtu hufa siku moja, kwamba wewe huna ugonjwa ule wa mama, na umtajie kwa majina watu watakaomlea. Huenda pia akasikiliza yote, kisha akatoka kwenda kucheza mpira, na kesho akauliza tena swali lile lile. Ndivyo watoto wa umri huo wanavyohuzunika, kwa vipande vifupi. Mjibu kila mara kwa maneno yale yale. Akitaka, mpelekeni makaburini. Na akikuona unalia, usikimbilie kuficha uso. Mwambie unamlilia mama yake, naye atajua kwamba ana ruhusa.

Mumeo nadhani unamwonea kidogo, nami nasema hivi kwa heshima. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya mambo mawili: kuukabili uchungu wenyewe, na kushughulika na maisha yaliyobaki. Anayekaa upande mmoja tu, uwe huu au ule, ndiye anayetia wasiwasi. Mzee ameshika upande wa kazi, akaenda kwenye michungwa yake siku ya nane, na wewe uko upande wa uchungu. Kila mmoja anamwona mwenzake amekosea. Umeandika kwamba shambani anakaa mpaka giza na chakula anarudi nacho. Mtu anayerudi na chakula hajamsahau mwanawe. Badala ya kumwuliza kwa nini halii, mwombe siku moja mkatembee pamoja mpaka shambani, mzungumze mkiwa mnatazama miti. Wanaume wengi wa umri wake husema wakiwa njiani yale wasiyoweza kuyasema wakiwa wameketishwa ana kwa ana. Naye aangaliwe afya yake.

Kama wewe mwenyewe unaugua, ndilo swali la mwisho. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, linatambua hali ya huzuni ya msiba iliyopitiliza, ambapo mfiwa kwa miezi isiyopungua 6 anakuwa na shauku au mawazo ya marehemu yasiyompa nafasi, pamoja na uchungu mkali unaomzuia kuendesha maisha yake, kwa kiwango kinachozidi kile ambacho jamii na dini yake vinakitarajia. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kinasubiri miezi 12 kwa mtu mzima. Wewe uko mwezi wa saba, lakini kwa namna ulivyoeleza, kilio chako kimeanza juzi tu, na bado unampikia mjukuu, unakwenda sokoni, na kuna siku unacheka naye. Kwa hayo siwezi kukuita mgonjwa wa huzuni. Naweza kukuita mtu aliyechoka sana, aliyepungua uzito, asiyelala vizuri, na hayo yanahitaji kuonwa na daktari kwa macho, kwa sababu sonona, yaani ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu raha na matumaini, nayo huingia kwa mlango huo huo, na yenyewe ina dawa. Huzuni ya kufiwa haina kidonge. Ile iliyopitiliza hutibiwa kwa mazungumzo ya mpangilio na mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri. Umeandika kwamba nyakati nyingine unatamani kumfuata. Wafiwa wengi husema hivyo wakimaanisha kwamba wamemkumbuka mno, lakini siwezi kujua unamaanisha nini mpaka uulizwe ana kwa ana. Ikiwa umewahi kufikiria namna ya kufanya hivyo, au ukijikuta unaifikiria, mwambie mumeo au binti yako siku hiyo hiyo, usibaki peke yako, na mwende hospitali bila kusubiri asubuhi. Na ile chupa ya mofini iliyobaki kabatini itolewe nyumbani kesho, mkononi mwa binti yako, irudishwe hospitali ilikotoka. Ni dawa hatari kwa mtoto wa miaka 6, na kwa usalama wako haifai kuwa ndani ya nyumba.

Huduma ya tiba shufaa haikomi mgonjwa anapozikwa. Kumsaidia mfiwa ni sehemu ya kazi yake, na Shirika la Afya Duniani limeiweka hivyo katika maelezo yake. Nenda kwa muuguzi yule yule aliyekuwa anamhudumia binti yako, maana anamjua marehemu na hutalazimika kuanza hadithi upya. Akiwa amehamishwa, uliza kitengo cha afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Fuatana na mmoja wa mabinti zako, ili naye aonane na daktari siku hiyo hiyo kuhusu uchunguzi wa matiti. Ukifika usianze na presha wala usingizi, ingawa navyo utavitaja. Anza kwa kusema: "Nilimuuguza binti yangu miaka minne, amefariki miezi saba iliyopita, na kuna wakati natamani kumfuata." Mhudumu akisikia sentensi hiyo atajua pa kuanzia.